Nani Anafundishwa Kumpokea Mgonjwa Isiolo?

Mgonjwa anayefika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Isiolo haanzi kwa daktari. Anaanza dirishani. Hapo ataulizwa jina, umri, anakotoka, namba ya simu, kitambulisho, na siku hizi kama amejisajili na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii. Yatakayoandikwa hapo yatamfuata kwa afisa wa kliniki, maabara, dirisha la dawa, wodini na mwisho kwenye hesabu ya malipo. Yakiandikwa vibaya, yatamfuata vilevile. Mama anaweza kurudi wiki ya pili akaambiwa hajawahi kuonekana hapo, na dawa alizopewa mara ya kwanza hakuna anayezijua.

Kenya imejipanga kuhusu anayemtibu mtu. Daktari ana baraza lake, muuguzi ana lake, afisa wa kliniki vivyo hivyo, na sheria haimruhusu yeyote kati yao kufanya kazi bila leseni. Kuhusu anayempokea mgonjwa, mambo yamelegea. Katika hospitali kubwa za umma utamkuta mtaalamu wa rekodi za afya mwenye cheti au diploma. Katika zahanati nyingi mtu huyo hayupo: muuguzi ndiye mpokeaji, ndiye mwandishi, ndiye anayetibu, na jioni ndiye anayejumlisha rejista. Katika kliniki za watu binafsi mjini, kiti cha mapokezi mara nyingi hukaliwa na kijana aliyemaliza kidato cha nne na kufundishwa kazi siku ileile aliyoianza. Mgonjwa hawatofautishi hao watatu. Kwake wote ni watu wa dirishani.

Vijana wa Isiolo wanaoulizia kozi ya kuwa msaidizi wa ofisi ya daktari wanauliza jambo la maana, ila jibu wanalopewa huwa nusu. Kozi zipo. Zinazopungua ni mambo mawili: mafunzo yanayomjua mgonjwa wa kaskazini alivyo, na ajira inayomsubiri aliyehitimu. Hilo la pili ndilo zito zaidi, lakini tuanze na darasa.

Njia iliyo rasmi inapitia Chuo cha Mafunzo ya Kimatibabu cha Kenya, KMTC. Chuo hicho kilianza Nairobi mwaka 1927 na kikafanywa shirika la umma kwa sheria ya Bunge mwaka 1990. Leo kina matawi zaidi ya 80 nchini, na Isiolo ina lake. Kozi ya rekodi na teknolojia ya habari za afya hufundishwa kwa ngazi mbili: cheti cha miaka miwili, ambacho huhitaji wastani wa C- katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na diploma ya miaka mitatu inayohitaji C. Si kila tawi hufundisha kila kozi, kwa hiyo kuishi jirani na lango la chuo hakumhakikishii kijana wa mtaa wa Bulla Pesa kwamba atasomea hapo. Anaweza kupangiwa tawi la mbali, na hapo kodi ya chumba, chakula na nauli vikageuka mzigo mzito kuliko ada yenyewe.

Ndani ya kozi kuna zaidi ya kuandika na kupiga chapa. Mwanafunzi husoma anatomia na istilahi za tiba, ili akiona mwandiko wa daktari ajue kama tatizo ni la figo au la nyongo. Husoma takwimu, epidemiolojia, sheria, maadili na kompyuta. Hujifunza kupanga faili kwa tarakimu za mwisho: faili namba 48-17-63 haitafutwi kuanzia 48, hutafutwa kuanzia rafu ya 63, ndiyo maana faili mpya hazirundikani zote kwenye rafu moja. Faili ikitolewa, mahali pake huachwa kadi ya kuonyesha imekwenda wapi na nani ameichukua. Anayeona hayo ni mambo madogo hajakaa kwenye benchi saa tatu akisubiri faili ambayo kila mtu anadai amempa mwenzake.

Halafu kuna usimbaji wa magonjwa, yaani kuupa kila ugonjwa alama yake katika mpangilio wa Shirika la Afya Duniani. Hapa ndipo thamani ya mafunzo inapoonekana wazi kwa kaunti kama Isiolo. Katika toleo la kumi la mpangilio huo, malaria isiyobainishwa aina yake ni B54. Alama inayofuata, B55.0, ni kala-azar. Isiolo ni miongoni mwa kaunti zenye kala-azar, ugonjwa unaoenezwa na usubi, unaovimbisha wengu, kumdhoofisha mtu kwa homa ya muda mrefu, na kumuua asipotibiwa. Mgonjwa akija kutoka Merti na homa isiyoisha, anayejaza rejista akaridhika na neno “homa” au akabandika malaria kwa mazoea, kaunti haitajua kwamba ina kala-azar hadi watu wawe wameshakufa. Vipimo havitaagizwa, dawa hazitaletwa, kwa sababu kwenye hesabu ugonjwa huo haupo.

Hesabu hizo zina safari yake. Tangu 2011 Kenya imekuwa ikikusanya takwimu za vituo vya afya kwenye mfumo mmoja wa kitaifa wa kompyuta, ule unaojulikana sasa kama KHIS. Kila mwezi kituo hujumlisha rejista zake: wagonjwa wa nje walio chini ya miaka mitano kwenye fomu ya MOH 705A, waliozidi umri huo kwenye 705B, huduma za uzazi na nyinginezo kwenye MOH 711. Takwimu zinatakiwa ziwe zimeingizwa kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Muuguzi aliye peke yake katika zahanati ya mbali, mwenye foleni ya kina mama mlangoni, atazijaza lini fomu hizo? Atazijaza usiku, kwa kukisia, au atazijaza zote siku ya mwisho. Jirani zetu Tanzania wanaujua uchovu huo. Vitabu vyao vya takwimu za afya, vya MTUHA, vinavyotumika tangu miaka ya 1990, kwa kawaida hujazwa na wauguzi na matabibu walewale wanaohudumia wagonjwa.

Kwa hiyo taaluma ipo, na tangu 2016 ina sheria yake. Mwaka huo Bunge lilipitisha Sheria ya Mameneja wa Rekodi na Habari za Afya, iliyounda bodi ya kuwasajili wenye taaluma hiyo na kusimamia mafunzo yao. Mzazi yeyote anayekaribia kulipia kozi yenye jina tamu katika chuo cha ghorofani aanzie hapo: bodi inakitambua chuo hicho? Mamlaka ya mafunzo ya ufundi, TVETA, imekisajili? Zipo kozi za miezi mitatu au sita zinazotangazwa kwa mabango ya rangi kuwa za “sekretari wa hospitali” au “msaidizi wa kliniki”. Nyingine hufundisha kazi ya ofisi kwa uaminifu, na kijana aliyezisoma anaweza kupata kiti katika kliniki ya mtu binafsi. Asidhani tu kwamba cheti hicho kitampeleka kwenye orodha ya mishahara ya kaunti. Akiwa na C- na uwezo wa kusubiri miaka miwili, mimi ningemshauri asubiri.

Nchini Marekani, ambako kazi hii ina jina na njia yake, wasaidizi wa kitabibu wana chama chao tangu 1956 na idadi yao imepita 700,000. Huko msaidizi mmoja hupokea simu, hupanga miadi, hupima presha, humpeleka mgonjwa kwa daktari na kutuma madai kwa bima. Wengi husomea kazi hiyo kwa takriban mwaka mmoja. Kenya haikuifuata njia hiyo. Sisi tuliweka shughuli za mwili kwa muuguzi, shughuli za karatasi kwa mtaalamu wa rekodi, na mapokezi yenyewe tukayaacha katikati bila mwenyewe. Mtaala wa rekodi hufundisha jinsi ya kuitunza habari. Jinsi ya kuipata kutoka kinywani mwa mtu anayeumwa, aliyetembea tangu alfajiri na asiyejua kwa nini anaulizwa, hilo limeachiwa kipaji cha mtu.

Na Isiolo inadai kipaji kikubwa. Chukua majina. Wabora wengi hupewa majina kufuata wakati wa kuzaliwa: Guyo kwa mchana, Galgalo kwa jioni, Halkano kwa usiku. Mtoto hubeba jina lake, la baba na la babu. Katika tarafa moja unaweza kuwapata Guyo Halkano Galgalo wengi, na wote ni watu tofauti. Kwa Wasomali jina moja huandikwa Mohamed, Muhamed au Mahamed kutegemea nani ameshika kalamu, na Aden wa kadi hii ni Adan wa kadi ile. Kompyuta ya hospitali, iliyotengenezwa kwa dhana kwamba jina la ukoo hutenganisha watu, haioni kasoro yoyote inapowaunganisha wagonjwa wawili kuwa mmoja. Aliyefundwa vizuri atauliza zaidi: jina la mama, kijiji cha kisima gani, chifu ni nani, kitambulisho kiko wapi. Asiyefundwa atachukua Guyo wa kwanza anayejitokeza kwenye kioo.

Umri nao ni hivyohivyo. Mzee wa Sericho hatakutajia tarehe ya kuzaliwa. Atakutajia ukame, vita, au mwaka ambao mifugo ilikufa. Ukimlazimisha atakubali tarehe yoyote utakayomtajia, na wewe utaandika Januari mosi. Kwenye rejista utakuta Januari mosi nyingi kuliko tarehe nyingine yoyote. Kwa dozi ya mtu mzima kosa hilo huenda lisidhuru, ila kwa mtoto ambaye chanjo zake hupangwa kwa wiki, linadhuru. Karani aliyeandaliwa angekuwa na kalenda ya matukio ya eneo lake mezani: mvua kubwa za El Niño za 1997, uchaguzi wa 2007, misimu mitano mfululizo ya mvua iliyofeli kati ya 2020 na 2022. Watu wa sensa hutumia kalenda za aina hiyo. Hospitali zina sababu gani ya kutozitumia?

Kisha kuna makazi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti yenye ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 25,000. Sehemu kubwa yao huhama na mifugo kufuata Ewaso Ng'iro, au huvuka kwenda Samburu, Laikipia, Meru na Wajir mvua zikikosa. Mtoto aliyepata chanjo ya kwanza Oldonyiro anaweza kuipata ya pili Kinna. Katika rejista ya Oldonyiro atahesabiwa kuwa ametoroka chanjo, na Kinna ataonekana mgeni asiye na historia. Kaunti itatuma watu kumtafuta mtoto ambaye ameshachanjwa, huku mwingine asiyechanjwa kabisa hajulikani popote. Kitabu cha mama na mtoto kingetatua hilo kama kingefika salama, lakini kitabu cha karatasi kinachosafiri juu ya ngamia kina maadui wengi. Tangu 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini wamepewa simu za kurekodi habari za kaya, na kwa maeneo ya wafugaji hilo ni jambo la busara, kwa kuwa mhamasishaji huhama na watu wake. Kazi yake na ya dirishani ni moja. Hakuna sababu ya msingi wao wa mafunzo kutofautiana.

Isiolo imewahi kuupima uzito wa kazi hii ya dirishani kwa gharama kubwa. Desemba 13, 2018, Rais Uhuru Kenyatta alizindua mjini Kisumu majaribio ya Afya kwa Wote katika kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Machakos na Isiolo. Kila moja iliteuliwa kwa tatizo lake. Isiolo ilichaguliwa kwa vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi na kwa wakazi wake wanaohamahama. Kaya zilitakiwa kujiandikisha, na aliyeandikishwa akatibiwa bila kulipa. Mara kaunti za majaribio zikaanza kulalamika kwamba watu wa kaunti jirani wanavuka kufuata matibabu ya bure. Nani mkazi na nani mgeni? Swali hilo halikujibiwa na gavana wala waziri. Liliangukia kwa mtu wa dirishani, asubuhi, foleni ikiwa imefika uani. Na katika mji ambao Mborana, Msomali, Mturukana, Msamburu na Mmeru wanaishi mtaa kwa mtaa, na ambao mipaka yake na majirani imeleta ugomvi zaidi ya mara moja, kumwambia mtu “wewe si wa hapa” ni neno zito. Majaribio yalihesabiwa kwa dawa zilizopelekwa na fedha zilizotumika. Sidhani mtu alihesabu ni maamuzi mangapi waliyoachiwa makarani.

Tangu Oktoba 1, 2024 mzigo umeongezeka. NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, ilifungwa na SHA ikachukua nafasi yake, chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hukadiriwa kwa maswali kuhusu nyumba na mali ya kaya, na hawezi kulipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Anayemweleza mfugaji maswali hayo ni nani, na kwa lugha gani? Usajili unahitaji kitambulisho, na kwa miongo mingi vijana wa kaunti za kaskazini walipitishwa kwenye vikao vya ziada vya uhakiki kabla ya kukipata. Rais William Ruto alitangaza mjini Wajir, Februari 2025, kwamba vikao hivyo vimefutwa. Tangazo haliwezi kuwapa vitambulisho kwa siku moja wote waliochelewa, na wakiugua kabla ya kuvipata wanaishia pale pale, dirishani, wakibishana na kijana asiye na mamlaka ya kuwasaidia.

Serikali imetenga mabilioni kwa mitambo. Mkataba wa mfumo wa kompyuta unaoendesha SHA ulitajwa kuwa wa shilingi bilioni 104.8, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, alihoji namna ulivyotolewa. Sitaingia katika ugomvi huo. Ninachosema ni kwamba mfumo wa bei yoyote hupokea kile anachokiandika mtu wa mapokezi. Mwaka 2025 Wizara ya Afya, chini ya Waziri Aden Duale, ilisimamisha vituo kadhaa kwa madai ya kuilaghai SHA. Miongoni mwa mbinu zilizotajwa ni kumwandika mgonjwa aliyetibiwa akaenda nyumbani kana kwamba amelazwa. Udanganyifu huo hauwezi kukamilika bila mkono wa anayejaza rekodi. Huamriwa na mwenye kituo, na anayejaza hutii kwa sababu ni kibarua, hana chama, hana leseni ya kupoteza. Mtaalamu aliyesajiliwa na bodi ana sababu ya kukataa: akikubali, jina lake linaweza kufutwa. Kwa hiyo, mbali na ubora wa huduma, kumsomesha na kumsajili mtu wa rekodi kunalinda hata fedha za umma, na nashangaa hoja hiyo haitajwi bajeti zinapojadiliwa.

Lugha ndiyo pengo ambalo mtaala hauligusi kabisa. Chuoni masomo ni ya Kiingereza. Foleni ya Isiolo inaongea Kiborana, Kisomali, Kiturukana, Kisamburu na Kimeru, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, ingawa bibi wa kutoka malishoni huenda asikijue. Hospitali za Minneapolis huko Marekani huajiri wakalimani wa Kisomali kwa mshahara, ili bibi mkimbizi aelezwe dawa zake kwa lugha yake. Kwetu kazi hiyo hufanywa na aliye karibu: mfagiaji, askari wa lango, mgonjwa mwingine, au mjukuu wa miaka kumi anayelazimika kumtafsiria bibi yake maswali ya tumbo la uzazi. Karani mwenye lugha mbili au tatu za kaunti yuko nusu ya njia kuwa mkalimani. Kinachobaki ni kumfundisha kutafsiri bila kupunguza, bila kuongeza, na bila kumjibia mgonjwa. Kijana wa Isiolo anazaliwa na lugha hizo. Hakuna mahali katika fomu ya kuomba kazi panapomtuza kwa hilo.

Karibu na lugha kuna siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaiweka habari ya afya katika kundi la habari nyeti. Hilo ni rahisi kulieleza Nairobi, ambako karani hamjui mgonjwa. Isiolo mjini karani anamjua mgonjwa, mama yake, na familia anakotaka kuoa. Anajua nani anaenda upande wa kliniki ya VVU siku ya Alhamisi. Hata kumwita mtu kwa sauti kwenye foleni kunaweza kumfichua. Zipo njia: kuita kwa namba, kutopachika rangi fulani kwenye faili za wagonjwa fulani, kuuliza sababu ya kuja kando badala ya mbele ya benchi, kukataa kumfungulia binamu faili ya mkewe. Mtu hujifunza mambo haya kwa kuyafanyia mazoezi, kwa visa, huku mwalimu akiigiza binamu mkali aliyesimama dirishani. Mhadhara wa kifungu cha sheria hauwezi kumwandaa kwa siku ambayo anayeomba ni mjomba wake mwenyewe.

Sasa ajira. Tangu ugatuzi wa 2013 wafanyakazi wa hospitali za kaunti huajiriwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, na bodi hutangaza nafasi kulingana na mfuko. Mfuko ukiwa mdogo, daktari na muuguzi hutangulia, na hakuna anayeweza kulaumu chaguo hilo akiwa na wodi ya wazazi isiyo na muuguzi. Mtu wa rekodi husubiri. Mwaka 2020 serikali kuu iliajiri maelfu ya wahudumu wa afya kwa mikataba ya mpango wa Afya kwa Wote, na mikataba hiyo iliishia kwenye maandamano ya mwaka 2025 nje ya Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya, kuhusu nani awalipe na kwa masharti gani, Nairobi au kaunti. Upande mwingine, makarani wengi wa takwimu nchini walilipwa na miradi ya wafadhili, hasa ya VVU. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, wengi wao waliambiwa warudi nyumbani. Wagonjwa hawakupungua, na rejista zikarudi kwa wauguzi.

Hapo ndipo hoja ya kozi inapobadilika. Kumwambia kijana “soma rekodi za afya, kazi zipo” ni nusu ya ukweli. Kazi zipo kwa maana ya kwamba shughuli ziko tele. Cheo chenye mshahara ndicho haba. Kliniki na maduka ya dawa ya mjini yameongezeka tangu barabara ya lami ya kwenda Moyale ikamilike na Isiolo ikawa mji wa kupitia, na hapo ndipo wengi watakapoanzia, kwa malipo madogo. Anayekwenda chuoni aende akijua hilo. Ajue pia kwamba ujuzi wa takwimu na kompyuta anaoupata unatumika nje ya hospitali: mashirika ya misaada, ofisi za kaunti, miradi ya ukame, vyama vya ushirika wa mifugo.

Kama ningeulizwa ninaanzia wapi, nisingejenga chuo kipya. Isiolo ina tawi la KMTC na hospitali ya rufaa katika mji huohuo. Ningeomba tawi hilo litoe mafunzo mafupi ya wiki chache kwa walio kazini tayari: makarani wa kliniki binafsi, wahamasishaji wa jamii, askari wa lango ambao kwa kweli ndio wapokeaji wa kwanza. Wafundishwe majina, umri, makazi, siri, ukalimani, na namna ya kumtambua anayepaswa kurukishwa foleni: mtoto mwenye degedege, mjamzito anayevuja damu, mtu anayehema kwa shida. Hilo la mwisho peke yake linatosha kulipia gharama. Wenye C- na zaidi wasaidiwe kuendelea hadi cheti, na mazoezi yao wayafanye Merti na Garbatulla, zaidi ya Isiolo mjini, ili wakutane na mgonjwa ambaye amesafiri kilomita mia mbili kabla ya kuulizwa jina.

Bila nafasi za kazi, hata hayo yatapotea. Kila kituo cha afya cha kaunti, kuanzia ngazi ya tatu, kinastahili angalau mtu mmoja wa rekodi anayelipwa na kaunti. Bunge la kaunti linajadili makadirio ya bajeti kila mwaka kabla ya Juni kwisha, na sheria inawataka wananchi washirikishwe. Wazazi wa Wabera, Kinna na Oldonyiro waliotoa ada kwa ajili ya kozi hizi wahudhurie vikao hivyo, waulize kwa sauti nafasi za watu wa rekodi zilizotengwa mwaka huu ni ngapi na ziko katika vituo gani, na wasiondoke ukumbini kabla jibu halijaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.